Mikono Iliyobaki Chini

Vesterlyng, 6 Novemba 2023

Dada yangu Gudrun,

Nakusalimu, ingawa najua salamu ya mtu aliyekaa kimya miaka kumi na moja haina uzito. Goti lako vipi? Nimesikia ulifanyiwa upasuaji. Mimi mapafu yamegoma. Birgit, muuguzi wa hapa kwetu, huja kila asubuhi kunibadilishia mtungi wa oksijeni. Daktari anasema huenda nikaiona Krismasi, huenda nisiione. Kichwa bado kizima, ndiyo maana naandika sasa.

Mchapishaji anataka kutoa upya kile kitabu changu cha kwanza na ameniomba dibaji. Nimeandika vingine baada yake, nimesimama mbele ya mawaziri kuwaeleza kwa nini tuachane na makaa ya mawe, lakini watu wanakikumbuka kile, na ndani yake wanaukumbuka ukurasa mmoja: jioni ile ya 1979, kijiji chetu kilipopiga kura ukumbini kujijengea mtambo wake wa umeme wa upepo. "Mikono yote ilinyooshwa. Hakuna hata mmoja uliobaki chini." Umesomwa Ujerumani, umesomwa Uskoti, umesomwa katika kila kijiji kilichokuwa kinaogopa kuanza.

Sasa niungame. Mkono wako ulibaki chini. Nilikuwa mbele nahesabu, nikakuona umesimama karibu na mlango, hunyooshi. Niliona haya. Mimi nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu, halafu dada yangu wa damu anapinga! Nikakufuta. Na siku ya kuzindua mtambo mpya, miaka hiyo kumi na moja iliyopita, uliposimama mbele ya wageni ukasema kitabu changu kinadanganya kuhusu mikono, nikakuita mwenye kinyongo. Ukapanda gari lako ukaondoka.

Sitaki kufa na uongo huo. Niruhusu niandike kwenye dibaji kwamba dada yangu alipinga, na kwamba ilikuwa haki yake.

Kaka yako,
Ejner

Viborg, 21 Novemba 2023

Kaka Ejner,

Goti linakwenda. Habari ya mapafu yako imeniuma kuliko goti lenyewe. Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kukanda mkate ili nisikujibu kwa hasira. Mkate umeungua. Basi nakujibu hivyo hivyo.

Nani alikwambia nilipinga? Ejner, pale mlangoni nilikuwa natoka jikoni na birika la kahawa! Mkono huu birika, mkono huu sinia ya keki. Mwenyekiti wenu Kaj alikuwa na ng'ombe wa kukamua, akaona asisubiri. "Wanaokubali, mikono juu!" Na wanawake wenzangu wako katikati ya meza zenu wanamimina, Lisbet yuko jikoni anapiga krimu. Mimi, niliyekuwa daktari wa meno wa wanaume wale wote! Mchana wananifumbulia vinywa wakitetemeka, jioni nawamiminia kahawa na hakuna hata mmoja anayesema tungoje Gudrun aweke birika chini. Mkahesabu, mkapiga makofi. Nilipofika meza ya mbele, Kaj akanisogezea kikombe: "Gudrun, bado kidogo hapa." Nikamjazia. Mpaka leo sijui kwa nini nilimjazia.

Mtambo niliutaka sana, pengine kuliko wewe, na wenzangu wengi vilevile. Ungeniuliza ungejua.

Ila Ellen, yule mjane wa nyumba ya bondeni, alikuwa na la kusema. Kilima mlichochagua kiko kusini-magharibi ya jiko lake, na unajua jua letu la majira ya baridi linavyotambaa chini angani. Aliniambia, "Wakishamaliza kahawa nitawaomba wausogeze." Wakamaliza kahawa, na kura ilikuwa imeshapita. Kila msimu wa baridi kivuli cha mapanga ya mtambo kikawa kinapita juu ya meza yake: kivuli, mwanga, kivuli, mwanga, hadi akashindwa hata kumenya viazi, akahama. Na wewe, fundi wa sentensi, uliandika nini juu yake? "Hata walionyoosha mkono jana hulalamika leo." Ellen hakunyoosha mkono. Alikuwa amebeba sahani. Mpaka anakufa watu walikuwa wakimuuliza dukani kwa nini ni kigeugeu.

Hayo ndiyo niliyosimama kuyasema siku ile ya uzinduzi. Hukuniuliza ni uongo gani. Ulidhani unajua.

Kwa hiyo usiandike kwamba nilipinga. Huo utakuwa uongo wa pili, na huu utaupaka machozi.

Dada yako,
Gudrun

Vesterlyng, 9 Desemba 2023

Dada Gudrun,

Natumaini umeoka mkate mwingine na huu haukuungua. Naongea, Birgit anaandika. Mkono hauna nguvu tena. Anasema nikusalimie, na kwamba yuko upande wako.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa bila kujibu. Nikampigia Kaj. Ndiye pekee aliyebaki kati yetu tuliokaa meza ya mbele.

"Kaj, jioni ile ya kura, nani alikuwa anamimina kahawa?"

"Wanawake, bwana. Ulitaka imiminwe na nani, kasisi?"

"Na walipiga kura?"

Nikamsikia akiweka kikombe mezani. Kisha akasema, "Si walikuwa na kazi."

"Tuliwahesabu?"

"Ejner, wewe ndiye uliyekuwa unahesabu."

Ni kweli. Maisha yangu yote nimepima upepo, nimebishana na wahandisi juu ya tarakimu, na siku ile nilihesabu viti. Waliokuwa wamesimama sikuwaona, isipokuwa wewe, na wewe nikakuona vibaya.

Nimemwambia mchapishaji nataka kuuondoa ukurasa ule. Akashtuka. "Ejner, huo ndio ukurasa wenyewe! Ukiugusa, wanaopinga mitambo watafanya sherehe." Hilo limeninyima usingizi, kwa sababu huenda anasema kweli. Vijiji vingi vilijipa moyo kwa ukurasa ule. Nikiubomoa nikiwa kitandani, nitakuwa nimebomoa nini kingine?

Nakuomba uuandike wewe. Wewe ndiye unayeujua ukweli, nami nitatia sahihi.

Kaka yako,
Ejner

Viborg, 17 Desemba 2023

Kaka Ejner,

Birgit, asante, mpe huyo mgonjwa supu. Kaka, natumaini unakula.

Siandiki. Umenisikia? Kazi ya kuwaandalia wanaume jambo likiwa tayari, wao watie sahihi, nilishastaafu. Uliuandika ule wa kwanza kwa mkono wako, andika na huu kwa mkono wako, au kwa mkono wa Birgit.

Kuhusu wanaopinga, waache wafanye sherehe yao. Fikiria hivyo vijiji vilivyosoma ukurasa wako vikauiga. Viliiga na kahawa? Kuna Ellen wangapi huko? Wanaochukia mitambo leo, wengine hawana neno na upepo. Wana neno na jioni fulani ambayo hawakungojwa. Hilo wewe unaweza kulisema na watu wakasikiliza. Mimi nilishalisema mara moja, nikaitwa mwenye kinyongo.

Fanya haraka, tafadhali. Nakuomba kama dada.

Gudrun

Vesterlyng, 2 Januari 2024

Dada Gudrun,

Heri ya mwaka. Krismasi nimeiona, daktari amekubali kushindwa. Sina pumzi ya maneno mengi. Huu hapa, umeshakwenda kwa mchapishaji:

"Katika matoleo yote yaliyotangulia niliandika kwamba hakuna mkono uliobaki chini. Si kweli. Tulipiga kura huku wanawake wa kijiji wakitumiminia kahawa, na hatukuwangoja. Gudrun Krogsgaard, Lisbet Overgaard, Inger Bisgaard, Ellen Toftdahl. Wengi wao waliutaka mtambo, nami sikujua kwa kuwa sikuuliza. Ellen Toftdahl hakubadili nia. Alitaka kuomba usogezwe mbali na dirisha lake, na tungeweza kuusogeza. Bado naamini katika upepo. Anayetaka kujenga baada yetu asome ukurasa huu, si ule."

Nisamehe, kama kuna nafasi.

Kaka yako

Viborg, 15 Januari 2024

Kaka Ejner,

Birgit ameniambia huongei tena lakini unasikia. Basi akusomee polepole. Jumamosi nakuja, mwanangu ataendesha gari.

Umeandika vizuri. Nililia, nikakusamehe nikiwa nimesimama pale pale sebuleni, kwa hiyo hilo usilibebe tena. Ila umekosea jina moja. Inger hakuwapo jioni ile, alikuwa na homa. Aliyekuwapo ni Karen Margrethe, mpiga kinanda wa kanisa. Nikampigia mchapishaji arekebishe kabla hawajachapa.

"Wewe ni nani, mama?" akaniuliza.

"Dada yake."

"Na unakumbukaje nani alikuwapo, baada ya miaka yote hiyo?"

"Kwa sababu nilikuwapo," nikamwambia. "Andika."

Ameandika.

Dada yako,
Gudrun