Mgonjwa Niliyemjibia

Usagara, Tanga
Alhamisi

Kwako mdogo wangu Ruthi, umbu langu la pekee lililobaki,

Mimi Yona nina miaka themanini na miwili. Nimezika mashamba matatu ya mkonge, mameneja tisa, meno yangu yote isipokuwa manne, na mke. Bado natembea bila fimbo. Pokea salamu katika jina la Bwana. U hali gani? Shemeji Ernesti hajambo? Na mihogo ya huko Horohoro, nguruwe mwitu wamekuachieni? Huku hatujambo, ila mimi sikai. Tangu jana naketi, nasimama, nakwenda mlangoni, narudi. Karatasi hii ni ya tatu. Ningepiga simu, lakini nikigusa tu habari ya hospitali unaikata. Karatasi haikatwi. Labda uichane, nami nakujua.

Habari kubwa ni kwamba kaka yako sasa anafundisha madaktari. Usicheke. Mimi huyu huyu niliyeishia darasa la tatu kule Maramba, mwandiko kama kuku kapita.

Ilianza nilipopeleka goti langu. Kijana wa koti jeupe akanisalimu eti mambo vipi mzee. Nikamwambia mambo akampe mwenzake, mimi huamkiwa shikamoo, na goti halifunuliwi mpaka iletwe. Ikaletwa. Pembeni mama mmoja alikuwa anacheka, kumbe ni Mwalimu Shariffa, anayewafundisha wanafunzi wa udaktari habari za watu: wanavyoishi, wanachoogopa, wanachoona haya kukisema. Akaniambia mwili wanausoma vitabuni, lakini mzee mbishi hayumo kitabuni. Tangu hapo kila Jumatano nakwenda, naketi mbele ya darasa, najifanya mgonjwa.

Siku ya kwanza binti mmoja, Bayan, akaniamkia vizuri, akaniuliza hali. Nikasema sijambo. Akaandika kwamba sina shida. Nikapiga meza! Nikawauliza miaka yote hiyo ya shule, Kiswahili hamkufundishwa? Kwetu hata anayekata roho husema sijambo kwanza. Hiyo ni adabu, si habari ya ugonjwa. Muulizeni tena. Muulizeni kalalaje, kala nini, nani kamleta. Wakaandika wote, hata Mwalimu akaandika. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, kofia hainienei.

Sasa jana. Mwalimu akapanga mchezo: Bayan awe mke mgonjwa, mimi mumewe, na kijana Mazin awe daktari. Mazin akamuuliza mke anaumwa wapi. Nikajibu mimi, ni uchovu tu. Akamuuliza tangu lini. Nikajibu mimi, jambo dogo, mpe dawa ya maumivu twende zetu. Akamuuliza mara ya tatu, nikajibu tena, wala mwenyewe sikutambua. Bayan akainua mkono, akasema shikamoo babu, uniwie radhi, lakini mgonjwa ni mimi. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akanisifu kwamba nimeigiza vizuri mno. Ruthi, mimi sikuwa naigiza.

Hapa ndipo nilipozichana zile karatasi mbili. Matangani kwa Leticia nilisimama mbele ya watu nikasema hospitali imemuua mke wangu, hata hawakumuuliza anaumwa nini. Ukalia, ukaapa hutakanyaga huko mpaka kufa. Nilisema uongo. Daktari alimuuliza, tena mara mbili, kwa upole. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema hajambo, kachoka na jembe, kwa kuwa niliona haya mwanamume mwingine asikie habari ya titi la mke wangu. Daktari akamgeukia yeye. Leticia akanitazama mimi, kisha akasema ni kama alivyosema baba Hosea. Tukapewa vidonge, tukarudi. Baada ya miezi saba tukamzika.

Sasa Ernesti ananiambia una uvimbe mahali palepale tangu Pasaka, na kila akikusihi uende ukapimwe unamtupia maneno yangu ya matangani. Maneno yale ni yangu. Nirudishie.

Nenda, mdogo wangu. Usingoje Jumatatu. Ernesti akusindikize mpaka mlangoni, abaki nje. Hata mimi nikija, nifungieni nje, nipige kelele nitakavyo. Ukiulizwa hali, ole wako useme sijambo. Sema ni hapa, na mkono uuweke hapo. Ukitaka kunichukia, nichukie, ni haki yako, lakini nichukie ukiwa umeshapimwa.

Msalimie shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Hosea naye anakusalimu. Habari hii bado hajaijua, nitamwambia mwenyewe Jumapili akitoka kanisani.

Ni mimi kaka yako mkaidi,
Yona

Kama unadhani nimetunga, ya darasani waulize Mwalimu Shariffa, Bayan na Mazin, waliyaona. Ya siku ile ya hospitali, shahidi wangu alikuwa Leticia peke yake, na yeye nilimjibia mimi.