Kisima cha Korongoni

Mjukuu wangu Yohana,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Bibi yako mguu bado unamsumbua, ila mbuzi mweupe kazaa mapacha. Barua hii naandika mwenyewe, karani simtaki.

Unauliza kwa nini tulihama korongoni tukaja Mkonze. Sababu ni mimi.

Wakati wa Mdachi nilikuwa kijana, na kwa kulijua lile korongo hakuna aliyenifikia, mpaka leo hayupo. Akaja Mdachi mmoja kutembea tu, kutazama miamba. Nikamwongoza kutwa nzima, njia nyepesi ya mchangani. Jioni askari wake mmoja akanichokoza: "Wewe Mgogo unajisifia njia, maji huyajui!"

"Mimi? Njoo uone!"

Nikaondoa miiba, nikafukua mchanga pale tulipoficha kisima chetu cha kiangazi. Wakanywa, wakanisifu. Nilifurahi sana, sikufichi.

Siku ya tatu askari walirudi na punda wa boma la Mdachi, kundi zima. Mwezi haukuisha, kisima kikakauka. Ng'ombe wetu wakawa wanalala hawaamki, tukahama na waliobaki.

Njia sikukosea hata hatua moja, hilo ulijue. Lakini baba alijua nani kawaonyesha maji, maana kisima tulikijua sisi wa nyumbani tu. Tulitembea naye siku mbili kuja huku. Nilingoja anigombeze, nipate kujitetea. Aliniuliza tu kama miguu inaniuma.

Ni mimi babu yako,
Mkonze