Fundi Asiyeweza Kuchuchumaa

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la vipimo. Mbele kuna mabafu na majiko ya watu, urefu kwa upana. Nimeligeuza, naanzia nyuma. Huku ni kwangu peke yangu.

Daktari wa mifupa ameipachika picha kwenye mwanga. Nyonga ya kushoto: mfupa, ufa mwembamba mweusi, mfupa. Ya kulia: mfupa juu ya mfupa. Ufa hakuna! Kigae ukikibana hivyo na mwenzake bila nafasi, siku moja kitanyanyuka tu. Sikuhitaji kuelezwa zaidi, lakini alieleza.

Anataka kubadilisha. Wanakata kichwa cha mfupa, wanaweka cha chuma. Akauliza umri. Arobaini na nane. Akasita. Wengi wanaomjia kwa shida hii wana miaka sabini. Cha chuma kinaweza kudumu miaka kumi na mitano, ishirini, pengine zaidi — hakuna anayekuandikia dhamana. Kikichakaa nikiwa bado hai wanarudia, na kurudia ni kugumu kuliko mara ya kwanza.

Nikamuuliza la maana: nitachuchumaa? Akataka kujua nafanya kazi gani. Fundi wa vigae, nikasema. Akacheka, alidhani utani. Halafu akaangalia mikono yangu, akaacha kucheka.

Kutembea nitatembea, anasema. Kulala nitalala. Ila kuchuchumaa na kupiga magoti kutwa nzima, haniahidi. Angekuwa yeye angetafuta kazi nyingine. Kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayekushauri ubadili aina ya sabuni.


Jumanne, 4 Machi

Mume wangu ananivalisha soksi ya kulia. Huu ni mwezi wa nne anafanya hivi. Hasemi lolote kuhusu mguu, anasimulia habari za gari lake na breki zake. Leo nilitaka kulia. Nikajitia hamnazo, nikamwambia soksi imepinda.


Alhamisi, 6 Machi

Bafu la juu, kwa mwalimu mstaafu. Mimi naweka, kaka yangu anakata na kuchanganya gundi, kama miaka yote ishirini na mbili. Nimemeza vidonge viwili kabla ya kuanza. Tumemaliza saa tisa. Saa tisa! Na huyu ndiye mgonjwa wa kubadilishwa nyonga? Nimerudi nyumbani najisifu njia nzima, nachechemea.


Jumapili, 9 Machi

Kwa shangazi. Yeye nyonga yake ni ya chuma, mwaka wa tano huu. Nilikwenda kumuuliza kuhusu maumivu, akanigeuzia kibao.

"Mimi nilibadilisha ili nifike chooni bila kumwita mtu. Wewe unataka ufike wapi?"

Nikamwambia nataka kuendelea na kazi.

"Kazi ipi, na daktari keshakwambia hapana?"

"Hajasema hapana, shangazi. Amesema haniahidi."

"Basi hujaumia bado, binti yangu. Siku ukiumia sawasawa hutauliza habari za vigae."

Hujaumia! Mimi, ninayepanda ngazi kwa mguu mmoja na kuuvuta wa pili. Nimenuna mpaka naaga. Naye akainuka kitini kunisindikiza, bila kushika meza wala ukuta, makusudi kabisa, huku ananiangalia. Nimemchukia. Nimemwonea wivu pia.


Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu mstaafu kapiga simu asubuhi. Akioga, maji hayaendi kwenye tundu. Yanakwenda mlangoni, yanatoka, yamelowesha zulia la chumbani.

Tumekwenda. Kaka akamwaga ndoo. Maji yakatulia kidogo, halafu yakaanza safari polepole kuelekea kwenye miguu yangu.

Nikasema, mbele ya mwenye nyumba, kwamba gundi ilichanganywa nyepesi, vigae vimezama. Gundi anachanganya nani? Kaka. Kila mtu pale alielewa. Kaka akainama, akaokota ndoo, akasema, "Tutarekebisha, mwalimu."

Njiani kaka alitangulia, nami nikachechemea nyuma.


Jumatano, 12 Machi

Sijalala vizuri, na safari hii si nyonga.

Gundi haikuwa nyepesi. Ile Alhamisi, safu tatu za mwisho sikuzipima. Pima maji, ile ya kuonyesha usawa wa sakafu, ilibaki kwenye mfuko wake. Kuipima kazi ya sakafu ni lazima ushuke, jicho liwe chini, na mimi nilikuwa nimeshachuchumaa kiasi cha kutosha kwa siku ile. Nikasimama, nikashika mlango, nikaangalia kwa macho kutoka juu. Nikajiambia mkono wangu unajua. Ndivyo tulivyomaliza saa tisa.

Nimekwenda kwa kaka jioni. Alikuwa anafua nguo zake za kazi. Nikamweleza yote nimesimama, maana kiti chake ni kifupi.

Hakuacha kufua. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu mwaka jana huchuchumai, dada. Unakunja mgongo tu. Nilikuona, pima maji hukuitoa."

"Mbona hukusema?"

"Nikuseme wewe? Ungenitwanga kichwani kwa mwiko."

Nikaomba radhi. Neno lenyewe lilitoka kwa shida kuliko nilivyotarajia. Akakamua suruali, akaitundika, ndipo akasema bafu tutalirudia, lakini ataweka yeye. Mimi nitakaa kwenye kiti, nipime na kuelekeza.

Kwenye kiti! Nimesema sawa. Ningesema nini?


Jumamosi, 15 Machi

Natembeza mawazo tu leo, miguu imepumzika.

Nilikuwa nahesabu hivi: nikipasuliwa nitapoteza ufundi, nisipopasuliwa nitabaki nao. Bafu la juu limeivuruga hesabu hiyo. Ufundi umeshaanza kuondoka, unaondoka kimyakimya huku mimi nasema nipo. Na mbaya zaidi, umeniachia mdomo wa kumsingizia kaka yangu mbele za watu. Hilo linanitia aibu kuliko kuchechemea.

Lakini hofu haijaondoka. Naogopa kisu. Naogopa kuamka nikiwa mzima, natembea vizuri, asubuhi imeingia, na sina pa kwenda. Baba alinifundisha kazi hii wakati watu wanamcheka kwamba anaharibu binti. Mimi bila sakafu ni nani? Mke wa dereva. Dada wa fundi.

Nimemsomea mume wangu kipande hicho cha mwisho. Hicho tu, mengine hapana. Akafikiri.

"Mimi sikuoa magoti," akasema.

Nilicheka mpaka nyonga ikauma. Halafu akasema jambo jingine, taratibu: kwamba amechoka kuongea habari za breki kila asubuhi. Breki za gari lake hazijawahi kuwa na tatizo.


Jumanne, 18 Machi. Bafu la juu

Naandika nimekaa chini. Sakafuni kabisa.

Jana tuling'oa, kaka akaweka nusu ya ndani. Mimi kwenye kiti cha plastiki, natoka jasho kuliko yeye. Kushoto. Kushoto tena! Gonga. Umezidisha. Akaniambia hata mama hakuwahi kumsema kiasi hicho. Leo asubuhi gundi imekauka, tukamwaga kikombe cha maji: yote tunduni. Nilifurahi. Na moyo uliniuma. Sifichi.

Saa nne, mwanamke wa hospitali anayepanga foleni ya upasuaji kapiga. Kuna mgonjwa ameahirisha, nafasi ya Jumatatu iko wazi. Nijibu kabla ya saa sita, la sivyo anampa mwingine, na ya kwangu itakuwa mwezi wa tisa. Nikasema nitampigia.

Saa tano na nusu kaka kashuka kukata vigae vya kizingitini. Nikakiona kimoja, cha safu aliyotoka kuiweka, hapa karibu na mlango. Kona imenyanyuka. Unene wa unywele mmoja! Mwalimu asingekiona maisha yake yote. Nikashuka kitini. Nikakigonga, kikakaa, kizuri kabisa. Nikapitisha kidole juu yake kama zamani.

Halafu nyonga ikakataa. Nimejaribu mara tatu kuinuka. Kiti nilikishika kikateleza nyuma. Mashine ya kukatia inalia huko chini, nikiita kaka hasikii.

Saa sita kasoro dakika kumi. Simu ninayo. Sijapiga popote, naandika.

Mashine imenyamaza. Nyayo ngazini.

Kaka yupo mlangoni. Hakushtuka, hakukimbia. Ameweka vigae chini. "Nikuinue?"

Nimemwambia asubiri, kuna simu napiga kwanza. Hakuuliza ya nani. Amekaa chini na yeye, kando yangu, amenyoosha miguu, suruali imejaa vumbi la kukata.

Simu ya hospitali inaita. Saa sita kasoro dakika nne. Nina maneno mawili kinywani, ndiyo na hapana, na yote mawili ni ya kweli. Inaita bado —

Wamepokea.