Kwa Valeria, Aliyesema Ni Mzima

Mwaka mmoja umetimia, Valeria, tangu ulipofika nyumbani ndani ya sanduku jeupe lenye maandishi ambayo hapa kijijini hakuna aliyeweza kuyasoma. Bibi yako Asnath, aliyeishia darasa la nne, aliyatazama kwa muda, akasema labda wameandika "shika taratibu". Watu wawili walicheka msibani. Wewe ungekuwa wa tatu.

Tunakukumbuka ukienda kanisani na viatu mkononi, ukivivaa mlangoni ili Mungu asione tope. Tunakukumbuka ukigombea ukoko wa ugali wa ulezi na wadogo zako, mtu mzima na cheti chako cha ualimu. Pale chekechea ya parokia watoto walikukojolea mapajani, nawe hukukatisha wimbo.

Parokia ilipotafuta kijana wa kwenda Ujerumani mwaka mmoja, kujitolea kulea watoto kwenye chekechea ya mji mdogo huko, ulichaguliwa wewe. Baba yako Adolfu alikataa wiki mbili. Aliyemlainisha ni Bibi, mama yake.

"Mwache mke mwenzangu akaone dunia," alimwambia. "Atakuja kunisimulia. Mimi marehemu baba yako hakunifikisha hata Namanyere."

Siku ya kufunga mizigo Bibi alikuketisha jikoni akakufunda. Mgeni ana macho, mdomo ameuacha kwao. Ukikaribishwa chakula mara ya kwanza, kataa. Mara ya pili, sema umeshiba. Mara ya tatu ndipo unawe mikono. Na la mwisho, ambalo kwetu kila binti aliyelelewa analijua: ukiumwa kwenye nyumba ya watu, usiseme. Mgeni akilala kitandani, majirani huanza kuuliza mwenyeji wake amemlisha nini. Kwa hiyo mwenye adabu huubeba ugonjwa wake mpaka kwao, ndipo aanguke.

Ulipiga magoti, ukapiga makofi taratibu kama tunavyosalimia wakubwa, ukasema umesikia. Ulikuwa umesikia kweli.

Wiki ya kwanza ulipiga simu una njaa. Mwenyeji wako, ambaye sisi tunamwita Mama Brigita kwa sababu jina lake lenyewe linakwaruza koo, alikukaribisha mkate. Ukakataa kwa heshima. Akaichukua sahani, akaiosha.

"Hakukukaribisha mara ya pili?" Bibi aliuliza.

"Hakuna mara ya pili huku, Bibi. Ukisema hapana, wameamini."

Bibi alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Ukamwambia na jingine lililokuudhi: Dar ukitaja kwamba umetoka Sumbawanga watu wanasogeza viti kwa kuogopa uchawi, lakini Ujerumani hakuna aliyesogea hata kidogo.

Watoto nao walikushangaza. Walikuita Valeria tu, bila mwalimu. Kasichana kamoja ka miaka minne, Lota, kalikwambia "sitaki" mbele ya watu wazima, na badala ya kukemewa kalikalishwa chini kuulizwa kwa nini. Siku hiyo ulijifungia chooni ukalia. Baadaye ulizoea. Uliwafundisha kusalimia kwetu, na kila asubuhi watoto ishirini wa Kizungu walikupigia makofi mlangoni, wamepiga magoti kwenye zulia. "Wananisikiliza, Bibi," ulisema. "Nami najifunza kuwasikiliza. Huku mtoto akisema panamuuma, wanaacha kila kitu."

Kisha ikaja ile Ijumaa ya Februari, saa nane mchana.

"Bibi, tumbo linanikata hapa kulia. Leo siku ya tatu."

"Ni ile mikate yao ya baridi. Au umenibebea kitukuu cha Kizungu?"

Ulicheka, halafu ukaguna. "Usinichekeshe, linauma. Nimwambie Mama Brigita?"

Bibi yako alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Neno fupi kuliko yote aliyowahi kusema, na maneno hayajawahi kumpungukia. Akasema, "Umesahau nilichokufunda? Utawaaibisha watu wa watu. Chemsha tangawizi, jifunge kanga tumboni, vumilia."

"Haya, Bibi."

Jumatatu ulikwenda kazini. Ulikaa kwenye kiti cha mtoto, hukuinuka. Aliyekuona ni Lota. Aliwaambia wakubwa, "Valeria analia bila sauti." Walikukimbiza hospitali. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu Jumapili. Jumatano ulifariki, una miaka ishirini na mitatu.

Mama Brigita alisafiri na jeneza lako mpaka hapa. Aliketi kwenye mkeka na akina mama, miguu hajui aiweke wapi. Baba yako alimwita mjomba wako Nestory, anayejua Kiingereza, awe mkalimani.

"Muulize. Mtoto ameumwa siku sita ndani ya nyumba yake. Yeye alikuwa wapi?"

Mama Brigita alijibu, "Nilimuuliza kila asubuhi. Alisema ni mzima."

"Na yeye akaamini?"

"Anasema alimheshimu mtoto wako, shemeji," alisema Nestory. "Kwao neno la mtu ndilo hilo hilo."

Baba yako akainuka. Hakumuaga Mama Brigita alipoondoka kurudi kwao. Bibi alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwao, jibu liko mdomoni kama kokwa. Alilimeza. Akasema ni mapenzi ya Mungu, na watu wote wakaitikia.

Barua nne zimekuja kutoka Ujerumani mwaka huu. Baba yako alizitia kabatini bila kuzifungua. Bibi, ambaye mikono yake haijawahi kuheshimu kabati la mtu, aliiba moja akampelekea Nestory. Watoto bado wanapiga makofi asubuhi, Mama Brigita ameandika. Lota ndiye anayewaongoza. Na chini yake: "Kila siku najiuliza ni swali gani sikumuuliza." Bibi aliomba mstari huo usomwe tena. Halafu akarudi nyumbani, njia ambayo ni fupi, na ikamchukua mchana wote.

Baba yako alikuwa ananoa jembe.

"Adolfu, yule mama hana kosa. Mtoto aliniuliza kama aseme. Nikamkataza."

Hakuinua kichwa. "Lini?"

"Ijumaa ile."

"Mwaka mzima, Mama, umeniacha nimchukie mtu."

"Niliogopa utanichukia mimi."

Baba yako aliendelea kunoa, na jembe lilikuwa limeshapata makali zamani. Tangu siku hiyo anakula chakula akipewa na mama yako Silvana. Bibi akikitenga yeye, kinapoa.

Sasa Bibi anafunda upya. Kila binti wa hapa anayekwenda bwenini Sumbawanga anasimamishwa njiani: "Ukiumwa, sema. Ukiwa kwa watu, sema mara tatu." Wanacheka, wakingoja mzaha ufuate. Amewachekesha miaka sabini, hawezi kuwalaumu.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi asubuhi hapa parokiani. Baada ya hapo tutakuja kaburini, tutapiga magoti kwenye tope, na viatu tutavishika mkononi.

Karatasi hii ilipokwisha kuandikwa, nafasi ya majina iliachwa wazi, akapelekewa baba yako. Alikaa nayo siku mbili. Ameirudisha hivi:

Unakumbukwa na baba yako Adolfu; mama yako Silvana; mjomba wako Nestory; wadogo zako Eustaki na Anjela; watoto wote wa chekechea, wa hapa na wa kule; na Brigita, mama yako wa Ujerumani.

Jina hilo la mwisho baba yako ameliandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, akakandamiza kalamu.

Bibi yako Asnath amejiandika mwenyewe.

Daima tutakukumbuka, mke mwenzangu. Na safari hii ukiulizwa huko uliko, sema panapouma.