Siga za Babu na Uunsi wa Kinsi

Mutwiri, wallahi hii sijaitia chumvi hata punje. Uliza yeyote mtaani, isipokuwa mke wangu.

Unakumbuka sanduku la babu, lile la jeshini? Ndani kulikuwa na siga, zile sigara nene za wazungu. Nikamwita Kathure, yule mama anayenunua vitu vya kale.

Akachunguza kikaratasi kinachozunguka siga. Akabonyeza majani polepole. "Mzee, hizi ni za kabla ya uhuru. Ni adimu sana!" Nami nikaongeza kwamba babu alipewa na jenerali baada ya kumwokoa na simba watatu.

Halafu akanusa.

AKANUSA, Mutwiri! Akanusa tena.

"Mbona zinanukia harusi?"

Ikabidi nikiri. Jana nilizifukiza kwa uunsi wa mke wangu Kinsi, ule ubani wa Kisomali wa harusi, ndio zinukie uzee!

"Zingekupa ngamia mzima," Kathure akasema. "Sasa ni za kufukuza mbu."

Kumbe Kinsi yuko mlangoni na chai. "Ni wewe! Uunsi wa harusi ya mdogo wangu Habon! Si uliniapia umeliwa na mbuzi wa jirani Fahmo?"

Mbuzi wa Fahmo, Mutwiri. Niliapa kabisa, mkono juu.

Sasa niko jikoni nakoroga sukari na manukato, napika uunsi mwingine, jasho tele. Kinsi ameita majirani waje kutazama. Fahmo ameketi mbele, anadai nimwombe mbuzi wake msamaha.

Amekuja naye.