Pasi za Mama Olena

Jumanne, 14 Januari
Darcy tena! Leo kaweka karatasi mezani kama kuku aliyetaga: Brody Dyck, miaka kumi na sita, pointi 63 — mabao 20, pasi za mabao 43. Marlene, bosi wetu, kapiga makofi. Mimi nasaka vipaji vya magongo ya barafuni mwaka wa kumi na tisa, nimegandisha makalio kwenye majukwaa ya nusu ya jimbo letu la Saskatchewan. Sijapigiwa hata kofi moja. Darcy, msakaji mwenzangu, haendi uwanjani. Yeye na kompyuta yake na soksi za sufu.

Nafasi ya usajili ni moja tu. Kijana ninayempigania mimi, Emmett, ana pointi 38. Ijumaa tunaamua.

Kibaya zaidi — Brody anachezea timu ya kijijini kwetu, na hizo 63 zimevunja rekodi yake. Pointi 61, mwaka 1987. Zangu! Zimetundikwa ofisini kwenye fremu. Mke wangu anadai nilizitaja hadi harusini. Uongo. Kwenye hotuba tu.

Jumatano, 15 Januari
Mwendo wa saa tatu barabarani, nyuzi thelathini chini ya sifuri, kwenda kumwona huyo Brody. Anajua kucheza, nakubali shingo upande. Lakini pasi! Kila bao pasi mbili huandikwa: ya aliyempa mfungaji, na ya aliyempa huyo. Bao la tatu Brody alikuwa anarudi benchi kupumzika. Spika ikatangaza: pasi, Brody Dyck! Kaandikiwa nne, halali moja. Nikala perogi, zile sambusa za viazi za kuchemsha, sahani mbili kwa furaha.

Nikaenda kwenye kibanda cha mwandishi wa mabao. Mama Olena, yuleyule wa enzi zangu, na chupa yake ya chai. Nikamuuliza kwa upole wa fisi. Hakuficha. Mtoto atoke shambani kwenye baridi hii, arudi mikono mitupu? Huwa anawagawia pasi.

Nikacheka moyoni. Akanipiga begani.

"Usijifanye mgeni, Lorne. Wewe nilikupa kuliko wote. Ulikuwa ukikosa unalia."

Alhamisi, 16 Januari
Nimehesabu mechi za ugenini tu, ambako Mama Olena haandiki. Brody pointi 14. Emmett 20. Nimeshinda!

Halafu nikafukua boksi la karatasi za 1987. Mimi ugenini: 11. Darcy, winga wangu wakati huo — jumla 29. Ugenini 17.

Darcy hakuwa akilia.

Ijumaa, 17 Januari
Mapumziko ya kikao, dakika kumi. Naandika garini, injini inanguruma.

Marlene aliuliza nani ana neno juu ya zile 63. Nikasema zimegawiwa kama peremende. Na nani? Mama Olena. Marlene akageuka polepole kutazama fremu yangu.

"Si huyohuyo aliyeandika na zako?"

Aliyenitetea ni Darcy! "Enzi zetu mama alikuwa mkali, bosi. Lorne alizitolea jasho."

"Kweli, Lorne?"

Nikiitikia, Mama Olena ni mkweli na Brody anasajiliwa. Nikikataa, fremu inashuka. Nikaomba kwenda msalani; Marlene akatupa wote dakika kumi, nami nikakimbilia garini.

Kwenye mkoba nina karatasi ya Brody na yangu. Mwandiko mmoja. Emmett hajui lolote, maskini. Anangoja simu.

Darcy anakuja, vikombe viwili mkononi, anateleza kwenye barafu. Anagonga kioo. Kahawa yangu maziwa mawili, sukari moja. Miaka thelathini na minane, mjinga huyu bado anakumbuka.