Mguu Wangu kwa Simu Yako

Khalayi,

Githeri iko kwa sufuria, pasha tu. Maji yakirudi, jaza mitungi yote kabla ya kwenda chuo. Koti lako jeupe ~~sijalipiga pasi, jipigie~~ liko nyuma ya mlango, nimelipiga pasi.

Uliniambia fiziotherapia mwaka wa kwanza ni kukariri mifupa na kutazama watu wanavyotembea. Nikakupa huu mguu wangu mbovu, ukauchora kwa kalamu kutoka nyonga hadi kifundo, tukacheka hadi machozi. Kumbe ulinirekodi pia! Asubuhi nimeshika simu yako nione saa, nikajikuta kwenye kundi la darasa lenu, nachechemea na ndoo kutoka mferejini, wenzako wakibishana kama shida ni goti au nyonga. Hata hilo ningekusamehe. Wangeniuliza, ningewaambia ni nyonga, tangu nizaliwe.

Lakini mmoja alikuuliza huyu mama ni nani kwako. Ukamjibu, "Ni jirani tu."

Nimeenda sokoni Gikomba mapema ili usinitazame nikitembea.

Ukitoka, funguo mwachie Mama Javan wa mlango wa pili. Yule ndiye jirani.

Dada yako